Skraba ya mwani kwenye tangi la matumbawe: uzoefu wangu, Mombasa

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imekatwa na skrubu, nitazifikia.

Kifaa chenyewe ni skraba ya maporomoko inayokaa juu ya sampu (tangi dogo la pembeni ambako maji huchujwa): kisanduku cha akriliki nyeusi, bomba la PVC lililopasuliwa kwa chini, wavu wa plastiki wa sentimita 15 kwa 16 ulioshikwa na ule mpasuo, na taa nyekundu za LED pande zote mbili. Pampu hupandisha maji, maji huteremka juu ya wavu kama utando, mwani huota hapo, na kila wiki unaukwangua na kuutupa. Naitreti na fosfeti, virutubisho vilivyokuwa vikilisha nywele za kijani (mwani mwembamba kama nywele) kwenye mawe, vinatoka tangini vikiwa vimo ndani ya mwani huo. Kule Kibuyuni akina mama hufunga mbegu za mwani kwenye kamba wavune wauze. Hapa unautengenezea mwani makao mazuri kuliko mawe yako, halafu unauvuna utupe.

Tangi ninalolizungumzia ni la sentimita 120 kwa 60 kwa 55. Pamoja na sampu, mfumo mzima una maji lita 400 hivi. Lina skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu), matumbawe laini mengi na magumu machache, na samaki wanaokula vipande vitatu vya chakula cha barafu kwa siku. Siku skraba inafungwa, nywele juu ya mawe zilikuwa na urefu wa sentimita tatu, naitreti 25, fosfeti 0.25, zote miligramu kwa lita.

Lakini kabla ya skraba kuna maji. Mtu anatoa pesa ambayo ingenunua friji dogo la mtumba, anaagiza skraba, kisha jioni anaongezea tangi maji ya kisima. Hapo ni kutwanga maji kwenye kinu. Visima vingi vya kisiwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe ya kale, mwamba unaopitisha maji kama sifongo, na mashimo ya vyoo hayako mbali. Maji yake yana chumvichumvi na yana naitreti. Ya bomba, yawe ya Mzima au ya Baricho, ni afadhali, ila hayaji kila siku, na mkokoteni ukikuletea mitungi hujui yametekwa wapi.

Tupige hesabu. Kwa joto la hapa, tangi hubaki nyuzi 27 kwa feni mbili zinazopuliza juu ya maji, na feni hizo hukausha kama lita 8 kwa siku. Kinachoondoka ni mvuke mtupu. Kila kilichokuwa ndani ya maji hubaki. Ukirudishia lita 8 zenye naitreti miligramu 20 kwa lita, umetia miligramu 160. Gawa kwa lita 400: unaongeza 0.4 kila siku, 12 kwa mwezi, na bado hujalisha samaki hata mmoja. Ukiongeza silika iliyomo kwenye maji hayo, umepata na utando wa kahawia wa diatomu juu ya vioo. Hakuna skraba itakayoshindana na maji hayo.

Kwa hiyo mashine ya osmosisi, inayosafisha maji kwa kuyasukuma kupita kiwambo, yenye kichujio cha resini mwishoni ndiyo ya kwanza kununuliwa, na mita ya TDS (hupima vilivyoyeyuka majini) isome 0 kabla maji hayajaingia tangini. Hapa watu hukwama kwenye presha. Kiwambo cha osmosisi kinataka baa 4 hivi. Tangi la maji lililo juu ya paa, mita 6 kutoka bombani, linatoa baa 0.6 tu, kwa sababu kila mita 10 za kimo ni baa moja. Matokeo yake maji machafu yanatiririka mengi, safi yanatoka kwa matone, na TDS haishuki. Fundi atakuambia kiwambo kimekufa. Hakijafa, kinataka pampu ya kuongeza presha. Na kwa maji ya kisima yenye chumvi, resini huisha upesi sana, kwa hiyo pima kabla na baada ya resini, usingoje ibadilike rangi.

Wanaotumia maji ya bahari badala ya chumvi ya paketi: chukua upande wa bahari kuu, Nyali au Bamburi, maji yakiwa yamejaa wakati wa bamvua, si maji mafu, na si siku za masika ambapo mito inamwaga tope. Mto wa Tudor na bandari ya Kilindini usiende kabisa. Chuja kwa soksi ya mikroni 5, yaache gizani siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, kisha pima chumvi kwa rifraktomita. 35 kwa elfu ndiyo tunayoitaka.

Sasa skraba. Wavu hupimwa kwa chakula, haupimwi kwa lita za tangi. Wauzaji wengi hukosea hapo. Kipande kimoja cha chakula cha barafu kwa siku kinahitaji kama sentimita 77 za mraba za wavu unaomulikwa pande mbili. Vipande vitatu ni 231, na huu wangu una 240, kwa hiyo umetosha bila ziada. Anayelisha vipande sita akinunua saizi hii atalalamika kwamba skraba haifanyi kazi.

Mwendo wa maji ni lita 50 kwa saa kwa kila sentimita ya upana. Wavu wa sentimita 15 unataka lita 750 hadi 800. Pampu iliyoandikwa 1,500 ikipandisha maji mita moja huweza kutoa nusu yake, kwa hiyo usiamini karatasi. Toa wavu, kinga bomba kwa ndoo, pima lita 10: zikitimia kwa sekunde 45 hadi 48, uko sawa. Maji yakiwa machache, kingo za wavu hukauka na mwani huota katikati tu kama upara uliogeuzwa.

Wavu uliokuja na kifaa ni laini mno. Mwani hushika, ukifika kimo cha sentimita moja unang'oka wenyewe na kuanguka kwenye sampu. Nimeukwaruza kwa msumeno wa chuma, pande zote mbili, kwenda na kurudi na kukata mshazari, mpaka kidole kikipita kinahisi ulimi wa paka. Dakika ishirini, na hii ndiyo kazi iliyobadilisha mambo kuliko nyingine yoyote.

Taa ni nyekundu, nanomita 660, wati 20 kwa jumla. Ziwake saa 18, na usiku mzima ziwe zinawaka wakati taa za tangi zimezimwa. Mwani ukifanya kazi usiku unakula kaboni dioksaidi, na pH haishuki sana alfajiri.

Wiki ya kwanza utaona utando wa kahawia, rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Usiusugue, mwagia maji tu utoke ulio legelege. Wiki ya pili madoa ya kijani huanza kwenye yale makwaruzo, na ya nne wavu ni zulia. Fosfeti ilifika 0.08 wiki ya saba, naitreti 8. Wiki ya tisa fosfeti ilipanda tena hadi 0.14 bila chakula kuongezwa. Hapo wengi hukata tamaa. Kinachotokea ni kwamba mawe, ambayo ni kalsiamu kaboneti, yalinyonya fosfeti miezi yote maji yalipokuwa machafu, na sasa maji yamekuwa safi kuliko mawe, basi mawe yanairudisha. Endelea kuvuna. Kwangu ilichukua wiki sita zaidi kutulia kwenye 0.05.

Na nywele za kwenye mawe? Haziyeyuki. Hupauka, hulegea kwenye jiwe, na hapo ndipo mkono wako unapohitajika: mswaki wa meno uliofungwa kwenye mdomo wa mpira wa kunyonyea maji, unasugua huku unanyonya, ili vipande visiende kuota kwingine. Jiwe linalotoka, lipeleke nje likasuguliwe kwenye ndoo ya maji ya tangi. Halafu neno moja kuhusu vipimo: mawe yakiwa na nywele na fosfeti ikasoma 0, usishangilie. Mwani umeila kabla kipimo chako hakijaiona.

Usitafute sifuri pia. Naitreti 5 hadi 10 na fosfeti 0.03 hadi 0.1 zinatosha. Maji yakikauka virutubisho kabisa, dinoflajelata hupata uwanja, ule ute wa kahawia wenye mapovu unaopungua usiku na kurudi mchana, na ukishaupata utaikumbuka kwa hamu siku ya nywele za kijani.

Kuvuna ni kila siku 7. Zima pampu, toa wavu, uweke kwenye sinki chini ya maji baridi ya bomba. Maji matamu huua vidudu vidogo vya gamba vinavyotafuna mwani wavuni. Kwangua kwa ukingo wa kadi ya plastiki kutoka juu kwenda chini, ubaki ukungu mwembamba wa kijani kwenye vitundu. Hiyo ndiyo mbegu ya wiki ijayo. Ukisugua ukawa mweupe, umejirudisha wiki ya kwanza. Ukichelewa mpaka zulia likapita sentimita mbili, mwanga haufiki chini yake, mwani wa ndani huoza, na kile ulichokuwa unakitoa kinarudi majini. Utajua kwa harufu.

Rangi nayo inasema. Kijani mbichi ni sawa. Mweusi wenye ute maana yake virutubisho ni vingi kuliko mwanga: vuna mara nyingi zaidi. Njano inayoteleza kama mpira maana yake mwanga umezidi au madini ya chuma yamekwisha. Punguza saa kutoka 18 hadi 10. Skraba hula chuma na iodini, kwa hiyo badilisha asilimia 15 ya maji kila mwezi hata kama vipimo ni vizuri.

Stima ikipotea, hiki kifaa kina udhaifu ambao maelezo yake hayasemi. Wavu hukauka. Kwa joto la Machi, saa tatu au nne zinatosha kuua mwani wote wa juu, na stima ikirudi pampu inauosha uozo huo moja kwa moja tangini. Ukiona giza linaendelea, chomoa wavu uuloweke kwenye ndoo ya maji ya sampu. Mwenye inveta aunganishe pampu peke yake. Taa zinaweza kungoja. Saa ya kuwasha taa inunuliwe yenye betri ndani, maana ile ya kuzungusha husimama stima ikikatika, na baada ya mwezi taa zako zinawaka saa ambazo hukuzipanga.

Skrubu: zimeandikwa kwamba hazishiki kutu. Zilishika ndani ya wiki tano, michirizi ya rangi ya mdalasini ikashuka kwenye akriliki. Nimeweka za nailoni. Pia taa humulika mpasuo wa bomba, mwani unaota mle ndani, maji yanaanza kuruka pembeni. Utepe mweusi wa umeme kuzunguka bomba, ukiacha mpasuo tu, unamaliza shida hiyo. Kigeuza umeme cha taa kiko wazi kwa hewa ya chumvi, kitoe kisandukuni ukining'inize ukutani.

Ambavyo skraba haiviwezi: utando mwekundu wa sianobakteria, vipovu vya kijani vya Valonia, na Bryopsis. Hiyo Bryopsis hufananishwa na nywele, lakini kwa kioo cha kukuzia ina umbo la unyoya, na matawi pande mbili za mshipa. Wengi hutumia flukonazoli, dawa ya fangasi ya duka la dawa, miligramu 5 kwa lita. Kwa lita 400 ni vidonge 10 vya miligramu 200. Toa mkaa wa kuchujia maji kama unao, toa kikombe cha skima kwa sababu kitafurika povu, ngoja siku 14 hadi 21, ongeza hewa, kisha badilisha robo ya maji na urudishe mkaa. Angalia tu: dawa hiyo inaweza kuua na mwani wa skraba. Wavu ukae nje, kwenye ndoo yenye pampu na taa, mpaka mkaa uwe umefanya kazi siku tatu nne.

Mwani uliovunwa usiwalishe wale wale samaki. Tafi ataufurahia, lakini alichokula kitarudi majini. Wangu unamwagwa chini ya mnazi, ambao chumvi kidogo haiusumbui. Na ukiagiza skraba, agiza nyavu mbili: mmoja ukae ndani ya sampu palipo na mwanga kidogo, umekwaruzwa tayari, kwa ile siku ambayo stima itapotea ukiwa safarini.