Longibodi ya kujitengenezea Goma: mbao ipi ununue, ipi uiache dukani

Ubao wa kusimamia ndio sehemu pekee ya longibodi, yaani skeitibodi ndefu, ambayo Goma inaweza kukupa bila kumsubiri mtu anayerudi kutoka Kampala au Ulaya. Vyuma na magurudumu vinatoka mbali na bei yake inatembea nayo. Mbao zipo, mafundi wapo kuanzia Birere hadi Ndosho, na ubao mzuri hauhitaji mashine kubwa. Kinachowakwamisha wengi ni ununuzi: mtu anaingia dukani akitaka "mbao ngumu", anatoka na kitu kizito kisichopinda, au kinachopasuka kwenye matundu ya bolti kabla hata hakijazoea barabara.

Lawama kidogo iende kwa chukudu, ile skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo. Mwambie fundi wa hapa kwamba unataka ubao wenye magurudumu, na akili yake itakimbilia chombo kile kilichosimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu mjini. Chukudu hujengwa kwa mbao nene, za mikaratusi kwa mfano, kwa sababu inashuka kutoka Kibumba na mamia ya kilo za viazi na kabichi. Ikipinda, mzigo wote uko chini. Longibodi inabeba mtu mmoja, na inatakiwa ipinde kidogo chini ya miguu kisha irudi.

Viwanda vya ng'ambo hutumia mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Hubandika tabaka saba hadi tisa, kila moja ikiwa na unene wa karibu milimita 1.5, na baadhi hulazwa kukingama na nyingine. Kukingama huko ndiko kunakozuia ubao kupasuka kwa urefu. Kwa hiyo ukizunguka madukani tafuta tabaka kwanza, ugumu baadaye. Vipimo vya kwenda navyo: urefu sentimita 95 hadi 105, upana 22 hadi 24, unene milimita 12 kwa mtu wa kilo 60 hadi 80.

Mbao za dukani nimezipanga kwa kigezo kimoja: ipi itakupa ubao unaopinda na kurudi, kwa vifaa ambavyo fundi wa kawaida anavyo.

1. Tripleksi nyembamba, ubandike mwenyewe

Tripleksi ni plaiwudi, mbao ya tabaka zilizobandikwa, na huuzwa kwa karatasi, yaani kipande kizima. Nunua karatasi ya milimita 4. Vipande vitatu vikibandikwa vinatoa milimita 12, na kwa kuwa kila kipande tayari kina tabaka tatu ndani yake, unapata tabaka tisa. Hapo umekaribia ubao wa kiwandani kuliko kwa njia nyingine yoyote inayopatikana mjini.

Fanya hesabu kabla ya kulipa. Karatasi nzima ni sentimita 244 kwa 122. Ukikata vipande vya 105 kwa 24, unapata kumi, yaani mbao tatu na kipande kimoja cha akiba. Tafuteni wenzenu wawili mchange. Hakikisha tu nyuzi za tabaka la juu zinaelekea urefu wa ubao. Zikikatiza upana, ubao utakuwa laini na utavunjika katikati.

Dukani usitazame uso wa karatasi, uso husafishwa ili uuze. Tazama ukingo. Ukiona vitundu vyeusi kati ya tabaka, ndani kuna mapengo, na pengo likiangukia chini ya mguu wako ubao utaanzia hapo kuvunjika. Kisha inua karatasi mbili za unene uleule na uchukue iliyo nzito. Ile nyepesi yenye rangi ya waridi inafaa dari. Ya rangi ya majani makavu, yenye ukingo mkavu na tabaka zinazolingana unene, ndiyo ya kupigania bei. Muulize pia muuzaji: "Papa, hii ni ya ndani ama inavumilia maji?" Akisita, chukulia ni ya ndani. Na wakati wa kuipeleka nyumbani mpe mtu wa chukudu. Motari atakubali, lakini karatasi ya mita mbili na nusu mgongoni mwa pikipiki, upepo wa ziwa ukivuma, ni tanga.

Gundi ndiyo inayoamua kama fedha yako imeenda kazini, na hapa watu hubana senti pasipofaa. Gundi nyeupe ya kawaida ya mbao inashika vizuri sana ikiwa kavu, ila maji yakiingia inalegea, na Goma mvua inakosekana kwa muda mfupi tu katikati ya mwaka. Soma kopo: alama ya D3 ina maana inavumilia unyevu, D4 inavumilia zaidi. Epoksi ni bora kuliko zote ukiipata na ukiwa na uwezo. Gundi ya njano ya mafundi viatu iache. Inashika papo hapo, lakini inabaki laini, na tabaka zitateleza kidogo kidogo kila ubao unapopinda.

Paka pande zote mbili zinazokutana, nyembamba na sawasawa, hadi gundi ichomoze kidogo ukingoni unapobana. Kama fundi hana vibanio vya kutosha, mifuko ya saruji ya kilo 50 inafanya kazi, mradi iwe juu ya ubao mnene uliotandikwa nailoni ili gundi isiushike. Acha usiku na mchana mzima.

Faida ya karatasi nyembamba inaonekana wakati huu wa kubana, kwa sababu zinakubali umbo. Weka kijiti cha sentimita moja na nusu chini, katikati, kisha bana ncha mbili zishuke. Ubao utakauka ukiwa na mgongo kidogo, na ukisimama juu yake uzito wako unaunyoosha badala ya kuufanya ubonyee kama machela. Hakuna mbao nzima ya dukani itakayokupa hilo.

2. Tripleksi nyeusi ya kofraji

Hii ni ile ya waashi, yenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayong'aa, wanayoitumia kumwagia zege. Gundi yake imetengenezwa ivumilie maji, kwa hiyo mvua haiitishi. Kasoro zake ni mbili. Huwa nene, mara nyingi milimita 18, kwa hiyo ubao unakuwa mzito na haupindi. Pia ngozi ile haishiki gundi, kwa hiyo usijaribu kubandika mbili pamoja. Kwa mtu wa kilo 90 na zaidi, au kwa asiyetaka habari za gundi na mifuko ya saruji, ningeiweka ya kwanza. Nunua mpya. Iliyotoka jengoni ni rahisi, lakini ina matundu ya misumari na saruji iliyoganda itakayomaliza msumeno wa fundi, naye atakudai.

3. Tripleksi ya kawaida ya milimita 12

Inakatwa, inasuguliwa msasa, inatobolewa, kwisha. Kwa mtoto au kijana mwepesi inatosha. Hesabu tabaka ukingoni: tano ni chache, saba afadhali, tisa ukizikuta nunua bila kubishana sana.

4. Mbao nzima: libuyu (ya jamii ya mahogani), muvula (mvule), mikaratusi

Najua hili litawaudhi mafundi, maana libuyu ikipakwa vanishi inapendeza kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Tatizo ni kwamba nyuzi zake zote zinaelekea upande mmoja. Bolti nne kila ncha, kishindo cha jiwe, na ufa unaanza kwenye tundu na kufuata urefu. Ili kuuzuia unaongeza unene hadi milimita 20, na sasa unabeba mlango. Muvula ni imara na haiogopi maji, lakini mara nyingine ina vijiwe ndani yake vinavyoua meno ya msumeno, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua, basi funga pua. Mikaratusi ni ya bei nafuu, lakini ikikauka inajipinda na kupasuka.

Kama moyo umekwama kwenye libuyu, chukua iliyokauka kweli, umwombe fundi aipasue vipande vyembamba vya upana wa vidole viwili, avibandike ubavu kwa ubavu, kisha juu na chini uweke tripleksi ya milimita 3. Urembo utabaki ukingoni tu, lakini ubao utaishi.

Mianzi inatumika sana ng'ambo, na kwa haki, kwa kuwa inapinda na kurudi vizuri. Ila kuipasua, kuinyoosha na kuibandika ni kazi ndefu, na ile ya mlimani iko ndani ya hifadhi ya Virunga ambako kukata ni marufuku.

Za kuacha kabisa

MDF na ile ya vumbi la mbao lililogandishwa, zinazotumika kwenye kabati za bei rahisi. Hazina nyuzi ndefu. Zinavunjika bila kutoa onyo, na tone la maji kwenye tundu la bolti linazivimbisha.

Kuhusu vyuma, mwagize mtu kwa maneno haya asije akakosea: traki za longibodi (vyuma vinavyoshika magurudumu) zenye upana wa milimita 180, magurudumu ya milimita 70 yenye ulaini wa 78A. Magurudumu madogo magumu ya skeitibodi ya kawaida yanakwama kwenye kila kokoto la volkano, na Goma kokoto hizo haziishi hata kwenye lami. Beringi ni namba 608, usihangaike kuagiza, tafuta kwanza kwa wauza vipuri mjini. Kampala ni mahali pazuri pa kuulizia: kule Kitintale kuna uwanja wa skeitibodi tangu 2006, na penye uwanja hapakosi mtu wa kuuza traki zilizotumika.

Toboa ubao kwa kufuata matundu ya traki zenyewe, si picha ya intaneti, kwa kuwa kuna mpangilio wa matundu wa aina mbili: wa milimita 54 na wa milimita 64 kwa urefu. Bolti za M5 za duka la kawaida huingia.

Kabla ya vanishi, weka ubao juu ya mawe mawili yaliyoachana kwa umbali wa traki, kisha usimame juu yake taratibu, katikati. Ubao ukishuka sentimita moja au mbili na kurudi, uko sawa. Ukishuka zaidi ya tatu, bandika tabaka nyingine. Ukisikia mlio wa kukatika ndani, usiupande barabarani.

Kwa kushika viatu huna haja ya karatasi maalumu ya kuagiza. Chekecha mchanga mweusi wa volkano kwa chandarua, paka vanishi, nyunyiza ikiwa bado mbichi, subiri ikauke, fagia uliozidi, kisha paka vanishi nyembamba mara moja tena. Mchanga huo utakula soli za viatu haraka, kwa hiyo anza na viatu usivyovionea huruma.