Lenzi ya kubana kwenye simu: miezi minne na nondo wa barazani

Hii lenzi ya kukuza vitu vidogo, unaibana juu ya kamera ya simu, niliinunua kwenye kaduka ka vifaa vya simu Kampala mjini, shilingi 35,000 za Uganda, haina jina la kampuni, ni kakisanduku keusi tu na kibanio chake. Tangu siku hiyo taa ya baraza hapa Entebbe haizimwi mapema. Mi napenda vidudu vidogo jamani, vile virukaji vya kijani na chungwa vya kwenye majani, ukivisogelea vinatembea upandeupande vinajificha nyuma ya jani halafu pah vimeruka, na wale nondo wa milimita chache ambao asubuhi watu wanawafagia tu chini ya taa.

Zamani picha zangu zilikuwa madoa. Sasa naona mguu wa nyuma, na mguu wa nyuma ndio kila kitu aisee, maana virukaji wa familia ya Cicadellidae wana miiba miembamba imejipanga mstari kama kitana, ila wale ambao watoto wao hukaa ndani ya povu kwenye majani wana miiba michache tu minene. Mwaka mzima nilikuwa nawachanganya! Siku niliyoiona ile miiba nilimwita mke wangu, akakaa hapo na simu nusu saa.

Shambani kwa mama huko Arua mahindi yalikuwa na michirizi ya njano, nikapiga picha karukaji kamoja ka milimita 3 hivi, kichwani madoa mawili meusi ya duara. Watu wa iNaturalist, ule mtandao wa kutambua viumbe kwa picha, wakaniambia ni Cicadulina, jenasi (yaani kundi la aina zilizo karibu) ileile inayobeba virusi vya michirizi ya mahindi. Mama akasema mwanangu, kumbe adui ni huyu mdogo hivi, na msimu huu anatafuta mbegu inayostahimili.

Lakini usitegemee lenzi ikupe jina kamili. Aina za virukaji zenye majina tayari ni zaidi ya 20,000 na wengi hata mtaalamu lazima amwangalie dume sehemu za uzazi kwa hadubini, kwa hiyo mara nyingi naishia jenasi, na hapo natosheka. Nondo wengine ni rahisi, wa familia ya Pterophoridae akitua anakaa kama herufi T, huyo hata lenzi huhitaji.

Ubaya wake: lazima usogee mpaka sentimita 2 hivi, ukitikisika kidogo tu imepotea, pembeni ya picha ni ukungu, na kibanio kililegea mwezi wa tatu nikakifunga na mpira. Mi naweka mdudu kwenye kachupa, friji dakika 5, namtoa kwenye karatasi nyeupe, hapo una kama nusu dakika kabla hajapata joto akaenda zake mzima.

Kwa bei hiyo naipa 4 kwa 5. Ila nenda na simu yako dukani uijaribu kwanza, zile zenye kamera tatu nyuma kibanio wakati mwingine hakifiki kwenye kamera kubwa.