Gari la Kijapani au la Kimarekani lililotumika: madaraja yetu, kwa injini na mwaka

Anayetafuta gari lililotumika huambiwa jambo moja: chukua la Kijapani, utalala usingizi. Kwa takriban miaka 30 ushauri huo ulikuwa sahihi, na hata leo una ukweli ndani yake. Lakini pia umewafanya watu wengi wanunue giaboksi mbovu kwa kuangalia nembo tu. Madaraja yaliyo hapa tumeyapanga kwa injini, giaboksi na mwaka. Nchi tumeiweka nyuma.

Wajapani walitanguliaje?

Chevrolet Vega, iliyotoka kama modeli ya 1971, ilikuwa na bloku ya alumini isiyo na silivu za chuma (mirija ya kukinga kuta za silinda). Ilikuwa rahisi kuchemsha. Ikichemsha, kuta za silinda zinachubuka, kisha injini inaanza kula oili. Mwaka 1978 Oldsmobile ikaleta dizeli ya V8 (silinda 8 zilizopangwa kama herufi V) ya lita 5.7. Bolti zake za silinda hedi hazikuhimili mgandamizo wa dizeli, na haikuwa na kichujio cha kutenga maji kwenye mafuta. Magari ya Kijapani ya wakati huo nayo yalioza kwa kutu, hasa kwenye mabawa. Tofauti ni kwamba injini zake ziliendelea kuwaka asubuhi.

Kilichowatofautisha hakikuwa damu ya mfanyakazi. Kiwanda cha General Motors cha Fremont, California, kilifungwa 1982 kikiwa na sifa mbaya. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kikiitwa NUMMI, na wengi wa wafanyakazi walikuwa wale wale. Safari hii mfanyakazi aliruhusiwa kusimamisha laini nzima akiona kasoro, badala ya kuiacha gari ipite irekebishwe mwishoni. Ubora ukapanda haraka. Ndiyo maana Geo Prizm na Pontiac Vibe za kiwanda hicho tunaziweka juu kuliko Wajapani wengi.

Daraja la 1: silinda 4 za miaka ya 1990

Toyota Camry ya 1992 hadi 1996 yenye injini ya 5S-FE ya lita 2.2 ndiyo kipimo chetu. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila takriban kilomita 96,000, lakini hata ukikatika valvu hazigongi pistoni. Unafunga mkanda mpya na safari inaendelea. Honda Accord ya silinda 4 ya miaka hiyo ni kinyume. Mkanda ukikatika, valvu hupinda. Ukikosa ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Corolla ya 1993 hadi 1997 iko hapa pia, pamoja na ndugu yake Prizm. Mwaka 1998 ilipokea injini ya 1ZZ-FE, ambayo matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na matundu madogo ya kurudisha oili kwenye pistoni. Matundu yakiziba, ringi za pistoni hunata na oili huungua.

Hata Toyota ya dhahabu ina miaka yake. Camry za 1997 hadi 2001, za silinda 4 na V6 pia, zinajulikana kwa oili kuganda kama lami ndani ya injini pale inapocheleweshwa kubadilishwa. Camry ya 2007 hadi 2009 yenye lita 2.4 hula oili kwa sababu ya ringi. Ikizidi lita 1 kwa kilomita 2,000, achana nayo.

Daraja la 2: Mjapani aliyevaa nguo za Kimarekani

Pontiac Vibe, 2003 hadi 2010, ni Toyota Matrix kwa kila kitu muhimu. Nembo ya Pontiac imekufa, kwa hiyo wauzaji huipunguzia bei. Vipuri vya injini ni vya Toyota. Hatujui ununuzi wa busara zaidi ya huu kwa mwenye pesa kidogo.

Daraja la 3: Wamarekani wazito

Ukitaka gari la Kimarekani, tafuta injini ya kizamani, yenye nafasi ya kutosha kuizunguka na ambayo fundi yeyote anaijua.

Buick na Pontiac zenye V6 ya 3800 Series II, kuanzia 1995, huenda mbali sana. Udhaifu wake unajulikana. Viungo viwili vya plastiki vinavyopitisha kulanti (maji ya kupoza injini) hukauka na kupasuka; vya alumini vipo na ni rahisi kufunga. Manifoldi ya juu (sehemu inayogawa hewa kwenye silinda), nayo ya plastiki, huungua karibu na bomba la kurudisha moshi na kuingiza kulanti kwenye silinda. Gari likipoteza maji bila kuonyesha doa chini, anza hapo.

Ford Crown Victoria, iliyobeba polisi na abiria wa teksi kwa miongo, ina chasi ya fremu na V8 ya lita 4.6. Zile za takriban 1996 hadi 2001 zina manifoldi ya plastiki tupu inayopasuka mbele, kwenye njia ya kulanti. Hakikisha imeshabadilishwa na ile yenye njia ya alumini.

Injini ya Jeep ya silinda 6 za mstari, lita 4.0, ilidumu kwenye uzalishaji hadi 2006. Za 2000 na 2001 zina silinda hedi yenye namba 0331 ambayo hupasuka katikati, kati ya silinda ya 3 na ya 4. Fungua kifuniko cha oili, mulika tochi. Ukiona oili imekuwa kama maziwa, ondoka.

Daraja la 4: haibridi (petroli na umeme)

Toyota Prius ya 2004 hadi 2009 na Ford Fusion Hybrid ya 2010 hadi 2012 zinafaa. Hata Ford Escape Hybrid ilifanya kazi ya teksi New York. Giaboksi ya haibridi hizi huitwa CVT (isiyo na gia za hatua), lakini ndani ni gia za sayari na mota mbili. Haina mkanda wa chuma wa kuteleza. Usiichanganye na CVT za Nissan zilizo hapa chini. Prius ya 2010 hadi 2014 ina tabia ya kuziba mfumo wa kurudisha moshi, kisha gasketi ya hedi inaungua. Ikitetemeka inapowaka asubuhi, usilipe.

Usinunue, nembo iwe yoyote

Nissan za otomatiki ya CVT kuanzia 2007, hasa Altima, Rogue na Sentra, huanguka kwa joto. Mkanda wa chuma huteleza, na gari hupoteza nguvu mlimani. Kama lazima uchukue, badilisha oili ya giaboksi kila kilomita 50,000, hata kama kitabu kinasema vingine.

Ford Focus ya 2012 hadi 2016 na Fiesta ya miaka hiyo zina giaboksi ya klachi mbili kavu. Hutetemeka inapoondoka. Ile ya manyuali haina shida hiyo.

Nissan Pathfinder na Frontier za 2005 hadi 2010: kipozeo cha oili ya giaboksi kimo ndani ya rejeta, na kikitoboka kulanti huingia kwenye giaboksi na kuiua. Rejeta mpya kabla ya hapo ni bima nafuu. Honda Odyssey na Accord V6 za 1999 hadi 2004 zina otomatiki dhaifu. Subaru za lita 2.5 za takriban 2000 hadi 2009 huvuja gasketi ya hedi kwa nje.

Miaka ya karibuni pengo limepungua, kwa sababu pande zote zimefuata turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi). Toyota Tundra za 2022 na 2023 zenye V6 ya turbo mbili ziliitwa kiwandani kwa vipande vya chuma vilivyobaki ndani ya injini.

Kabla ya kulipa

Fika injini ikiwa baridi. Gari likiwa limeshawashwa kabla hujafika, rudi siku nyingine. Soma namba ya chasi: ikianza na J gari limeundwa Japani, 1, 4 au 5 ni Marekani, 2 ni Kanada, 3 ni Meksiko. Camry nyingi zilizouzwa Amerika zinaanza na 4. Usishtuke, ni zile zile.

Fungua rejeta kabla ya kuwasha. Rangi ya kahawia yenye mafuta ni dalili mbaya. Washa, simama nyuma: moshi wa buluu ni oili, mweupe usioisha ni kulanti. Kisha endesha dakika 30, pamoja na mlima, maana giaboksi mbovu nyingi hujificha zikiwa baridi. Kwa Toyota Tacoma ya 1995 hadi 2010, ingia chini na nyundo, gonga fremu kuanzia nyuma ya kabini hadi springi za nyuma. Sauti butu, au kutu inayodondoka vipande, inamaanisha fremu nzima ya kubadilisha.