Wanachama 27 waliozaliwa ndani ya kabrasha: uzoefu wangu wa kuunganisha Word na Excel

Mzee alisimama ameshika kabrasha kwa mikono miwili, miwani imemshukia hadi ncha ya pua. "Ndugu Mwenyekiti, naomba mwongozo. Ukurasa wa 4 tuko wanachama 1,214. Ukurasa wa 19 tuko 1,241. Hawa ishirini na saba wamezaliwa humu humu kwenye kabrasha?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi niliyeliandaa lile kabrasha nilikuwa nyuma ya meza ya bodi, nimeinama, najifanya natafuta kalamu. Wakati wa chai nilimfuata kumwomba radhi. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na wala hakuwa na hasira. "Tofauti ikigawanyika kwa tisa, mwanangu," akaniambia, "ujue kuna mtu kageuza tarakimu." Ni kweli. Nilikuwa nimeandika 41 badala ya 14 saa sita usiku.

Mimi ni afisa mikopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) moja ndogo huku Nyanda za Juu Kusini. Kila mwaka kabrasha la mkutano mkuu huniangukia mimi, kwa sababu moja tu: ndiye ninayeijua kompyuta kidogo kuliko wasioijua kabisa. Lina taarifa ya bodi, taarifa ya kamati ya usimamizi, hesabu zilizokaguliwa, makisio ya mapato na matumizi, na ukomo wa madeni. Jumla kurasa 64. Baada ya aibu ile nilikaa nikahesabu, nikakuta idadi ya wanachama imetajwa mahali 11. Akiba mahali tisa. Tarehe ya mkutano mahali pengi kuliko nilivyodhani, mpaka kwenye maandishi madogo ya chini ya kila ukurasa. Na takwimu hizohizo zinakwenda pia kwa Mrajis Msaidizi wa vyama vya ushirika, kwa mkaguzi na kwenye MUVU, ule mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama vya ushirika. Mahali pote hapo nilikuwa nakopi na kupesti kwa mkono.

Miaka mitatu sasa sifanyi hivyo. Kila takwimu nimeipa jina na inakaa mahali pamoja tu, ndani ya faili la Excel. Kabrasha lililoko kwenye Word linaichukua kutoka huko. Ikibadilika kule, huku inabadilika. Watengeneza programu wana neno lao kwa kitu hiki, kigeu, lakini pale ofisini tunakiita "jina" na kila mtu anaelewa.

Ninavyofanya ni hivi. Nina faili linaloitwa takwimu.xlsx, na ndani yake kuna karatasi moja niliyoiita MAJINA. Safu ya kwanza ni jina, ya pili ni maelezo, ya tatu ni namba yenyewe, ya nne ni ilikotoka: leja gani, tarehe ngapi, nani kanipa. Nikitaka kuingiza akiba kwenye sentensi, nakopi ile seli, nakwenda kwenye Word, nachagua Paste Special, kisha Paste link, na umbo nachagua maandishi matupu. Namba inakaa katikati ya sentensi kama neno lolote. Hujui kama ni kiungo mpaka uibonyeze, igeuke kijivu.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoishia, na ndipo nilipoishia mimi mwaka wa kwanza, nikaumia. Ukibonyeza Alt na F9, Word inakuonyesha kilichojificha nyuma ya namba. Utaona kitu kama hiki:

{ LINK Excel.Sheet.12 "D:\\Kabrasha\\takwimu.xlsx" "MAJINA!R14C3" \a \t }

Hiyo R14C3 maana yake ni mstari wa 14, safu ya 3. Word haijui kwamba pale pana akiba za wanachama. Inajua nyumba ya kumi na nne mlango wa tatu, basi, yeyote atakayemkuta humo ndiye. Mhasibu wetu, dada mwangalifu sana, akaongeza mstari mmoja juu kwa ajili ya mikopo ya elimu. Alifanya jambo la maana kabisa. Mimi nikafungua kabrasha, nikasasisha, nikasoma: "Hadi tarehe 31 Desemba, akiba za wanachama zilifikia Sh. 87." Themanini na saba ilikuwa idadi ya vikundi, iliyosukumwa chini ikaingia nyumba ya kumi na nne. Bahati yangu ni kwamba ile namba ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha. Ingekuwa ni hisa zimekaa mahali pa akiba, milioni kwa milioni, nisingeshtuka.

Dawa yake ni kumpa mwenye nyumba jina. Kwenye Excel unasimama juu ya seli, unaandika jina kwenye kile kisanduku cha kushoto juu, unabonyeza Enter. Kisha unarudi Word, Alt na F9, unafuta MAJINA!R14C3 na kuandika Akiba_Zote. Tangu hapo mhasibu anaweza kuongeza mistari hata ishirini, jina linahama na seli yake. Kwa maoni yangu hii ndiyo roho ya jambo lote. Kuunganisha bila majina ni kujitafutia kosa lililovaa suti.

Kwenye kuchagua majina kuna kichekesho kimoja. Jina haliruhusiwi kuwa na nafasi, hilo ni rahisi, unatumia mstari wa chini. Lakini nilipotaka kuita seli MW2025, kifupi cha mwaka 2025, Excel haikulipokea jina, ikanirusha mbali hadi kwenye seli tupu. Nikadhani kompyuta ina virusi. Kumbe safu za Excel zinakwenda mpaka XFD, kwa hiyo MW2025 tayari ni anwani ya seli: safu ya MW, mstari wa 2025. Andika Mwaka_2025, itakubali.

Jambo la pili lililonitesa sikulikuta lote kwenye maelekezo ya Kiingereza, kwa sababu Kiingereza hakina ngeli kama zetu. Namba ikibadilika, maneno ya pembeni hayabadiliki. Mwaka jana akiba ziliongezeka, mwaka huu zimepungua, na sentensi bado inasema "zimeongezeka". Watu wa Excel watakwambia weka sharti la IF, litoe neno moja au jingine. Sawa. Lakini sisi wanachama wameongezeka, hisa zimeongezeka, mtaji umeongezeka, gawio limeongezeka. Neno moja haliwatoshi wote. Mara ya kwanza nilitengeneza seli moja ya "imeongezeka" nikaitumia kote, na taarifa ya bodi ikasomeka kama imeandikwa na mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi ile. Sasa kila takwimu ina seli yake ya kitenzi:

=IF(Wanachama_2025>=Wanachama_2024,"wameongezeka","wamepungua")

na pembeni yake asilimia ya mabadiliko, iliyoondolewa alama ya kutoa kwa ABS, ili nisije nikaandika "zimepungua kwa asilimia -3". Kazi ya kuziandaa ilinichukua Jumamosi nzima. Mwaka uliofuata sikuigusa zaidi ya kubadilisha miaka.

Kwa vitu visivyo namba, kama jina la ukumbi, tarehe, jina la mwenyekiti, situmii Excel. Word yenyewe ina mahali pa kuvitunza, kwenye sifa za faili, ambako unatengeneza sifa yako, mfano Tarehe_Mkutano, kisha unaiita popote kwa fildi (nafasi inayojijaza yenyewe) ya DOCPROPERTY. Mkutano wetu wa mwaka jana uliahirishwa mara mbili. Nilibadilisha tarehe mahali pamoja, nikabonyeza Ctrl na A kuchagua yote, kisha F9 kusasisha, nikaenda zangu nyumbani. Kesho yake meneja akaniita: "Bwana, ndani tarehe ni moja, chini ya ukurasa ni nyingine." Kumbe Ctrl na A haishiki maandishi ya juu na chini ya ukurasa. Lazima ubonyeze humo mara mbili, uyachague peke yake, ndipo F9 iyaguse. Kwa chombo ambacho kazi yake ni kuleta uwiano, hili limenikera kuliko yote.

Kisha kuna habari ya steshenari. Mwaka wa kwanza nilibeba faili la Word kwenye flashi, nikampa kijana wa kuprinti. Faili la Excel nililiacha ofisini. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, nakala ya kwanza ilikuwa tayari imetoka na mahali pa akiba pameandikwa kwa herufi nzito: Error! Not a valid link. Kiungo kinabeba anwani nzima, kuanzia herufi ya diski, na pale kwa kijana hapakuwa na D:\Kabrasha yoyote. Nikamzuia nakala ya pili ikiwa nusu. Tangu hapo simpi mtu yeyote nje ya ofisi faili lenye viungo. Natoa PDF. Wakitaka Word kwa sababu wanataka kupanga upya kurasa, natengeneza nakala, nachagua yote, nabonyeza Ctrl, Shift na F9 pamoja, viungo vyote vinageuka maandishi ya kawaida. Fanya hivyo kwenye nakala, nasisitiza, maana ukilisevu faili mama likiwa hivyo, viungo ndiyo basi tena.

Ukihamisha folda nzima kwenda kompyuta nyingine, Word ina dirisha la kubadilisha chanzo cha kiungo kimoja kimoja. Mimi nina viungo zaidi ya 60, siwezi. Nafungua Alt na F9, kisha natumia ile amri ya kutafuta na kubadilisha, naweka njia mpya mahali pa njia ya zamani kwa mkupuo mmoja. Na kabla ya kusasisha, fungua kwanza faili la Excel. Laptopu yetu ina kumbukumbu ya GB 4, na bila kufungua Excel kwanza, kusasisha kunachukua muda wa kutosha kuchemsha maji ya chai.

Nimejaribu na vingine. LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure, ina fildi ya mtumiaji: Ctrl na F2, unaingia sehemu ya vigeu, unaipa jina na thamani, unaiita utakapo. Ukibadilisha thamani, kote kunabadilika. Kwa kikundi cha watu thelathini chenye taarifa ya kurasa nane na takwimu kumi, ningeshauri hii bila kusita. Shida ni kwamba thamani unaichapa wewe kwa mkono ndani ya Writer, haitoki kwenye jedwali la hesabu, kwa hiyo yule wa kugeuza 14 kuwa 41 bado anayo nafasi yake. Google Docs inaunganisha vizuri jedwali na chati kutoka Sheets, kinatokea kitufe cha kusasisha, unabonyeza, imekwisha. Ila kwa akaunti ya bure niliyonayo nilichoweza kuunganisha ni jedwali au chati, si namba moja iliyokaa katikati ya sentensi, na kabrasha langu ni sentensi zaidi kuliko majedwali. Pia intaneti yetu ikinyesha mvua inalala.

Kwa nyota, Word na Excel kwa pamoja naipa tatu na nusu kati ya tano. Majina ya Excel peke yake ningeyapa tano. Kilichopunguza nyota ni zile anwani za D:\ na yale maandishi ya chini ya ukurasa.

Na mnisikilize kwenye hili wenzangu wa ushirika kabla hamjafurahi sana. Mwaka jana mikopo chechefu, ile isiyolipwa ipasavyo, niliingiza kabla mkaguzi hajafanya marekebisho yake. Namba ile ikaenda kwenye taarifa ya bodi, kwenye taarifa ya kamati, kwenye muhtasari, kote sawasawa, hakuna hata mahali pamoja palipotofautiana. Zamani mkanganyiko ndio uliokuwa unatushtua. Ukurasa huu unasema hivi, ule vile, basi tunarudi kwenye leja. Safari hii hapakuwa na kitu cha kutushtua. Mhasibu ndiye aliyegundua siku mbili kabla ya kuprinti, kwa sababu alisoma ile safu ya nne ya ilikotoka akaona tarehe ni ya zamani. Ndiyo maana siku hizi hakuna namba inayoingia kwenye karatasi ya MAJINA bila safu ya nne kujazwa, na mhasibu anaweka herufi za jina lake pembeni. Meneja alilalamika kuwa ni urasimu. Tukamwachia alalamike.

Mwaka huu mzee wangu wa hesabu alifika mapema. Alipokea kabrasha mlangoni, akajaza daftari la mahudhurio, akasogea pembeni. Nikamwona anafungua ukurasa wa 4. Akalamba kidole, akafunua hadi wa 19. Akakaa hapo kitambo. Kisha akanitazama juu ya miwani, akalikunja kabrasha akalitia mfukoni mwa koti, akaenda kupanga foleni ya chai.