Vifaa vya kupoza nyoka kipindi cha joto: kipi kinafanya kazi na kipi ni kupoteza hela

Mambo vipi watazamaji, karibuni tena. Leo tunachambua vifaa vya kupozea nyoka wa kufugwa kipindi hiki cha joto, na naongelea hali ya huku Uingereza ninakoishi, maana nyumba za huku zimejengwa kushika joto lisitoke nje, majira ya baridi ni raha tupu lakini ikifika Julai jua likawaka siku kadhaa mfululizo chumba cha ghorofani hakikaliki. Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2022, pale Coningsby, Lincolnshire, walipima nyuzi 40.3, haijawahi kutokea nchi hii, na nyumba nyingi huku hazina AC kabisa. Sasa wewe ukizidiwa unafungua dirisha, unaoga, unatoka kukaa kivulini. Nyoka umemfungia kwenye tenki, hana pa kwenda, alipo ni pale ulipomweka wewe.

Mimi nina wawili. Huyu mnene ni chatu wa kifalme, yule mdogo anayejikunja duara akiogopa, asili yake Ghana, Togo, Benin na nchi za jirani. Na huyu mwembamba wa rangi ya chungwa ni nyoka wa mahindi, kwao Marekani, upande wa kusini mashariki. Wote hawana sumu na kwa sheria ya huku huhitaji leseni kuwafuga. Nyie mlioko Kenya na Tanzania naomba sana, sana, msiende porini kukamata chatu mkasema mnafuga, huko wanyamapori wanalindwa kisheria na bila kibali hiyo ni kesi.

Kitu ninachokisikia kila mara ni "ah si nyoka wa Afrika huyo, joto kwake kitu gani". Jamani hapana. Kule kwao mchana huyu chatu hakai juani, anaingia kwenye shimo la panya au kwenye kichuguu, chini kule kuna ubaridi, anatulia humo mpaka usiku ndo anatoka kuwinda. Yaani joto la Afrika anaishi nalo kwa kulikwepa, na ukimnyima pa kulikwepea umemnyima kila kitu, kwa sababu nyoka hatoi jasho, mwili wake unafuata joto la mahali alipo, akitaka kupoa njia yake ni kuhama tu.

Ndo maana kifaa cha kwanza kununua sio cha kupoza, ni cha kupimia. Hii hapa, themomita ya digitali yenye waya mrefu na kinundu cha kupimia mwishoni, inauzwa kama pauni kumi hivi. Hiki kinundu usikining'inize juu kwenye paa la tenki, kilaze chini upande wa baridi, palepale anapolaza tumbo. Chatu wa kifalme upande wa joto anataka kama nyuzi 31 au 32, upande wa baridi 25 au 26. Nyoka wa mahindi punguza, 28 mpaka 30 kule kwenye joto na 22 mpaka 24 kwenye baridi. Namba ya kuiangalia kiangazi ni ile ya upande wa baridi. Ikifika 29, 30, anza kuchukua hatua, usisubiri, maana tenki zima likipita 35 na hana pa kukimbilia hapo maisha yake yako hatarini. Zile themomita za duara za kubandika ukutani zenye mshale mimi sizipendekezi, zinapima ukuta wa tenki, nyoka hakai ukutani.

Kuhusu themostati haraka haraka. Kazi yake ni kukata umeme wa mkeka wa joto, ule unaopasha tenki, basi, haiwezi kupoza, lakini usichomoe kila kitu kwenye soketi kwa sababu mchana kuna joto, huku usiku joto linaweza kushuka vizuri tu. Iache, chumba kikipata joto itazima yenyewe.

Haya, feni. Hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu watu wengi wana nia nzuri kabisa na feni wanaielekeza kwenye tenki mchana kutwa. Feni haishushi joto la hewa. Wewe inakupoza kwa sababu una jasho, upepo unalikausha, jasho likikauka linaondoka na joto la mwili. Nyoka hana jasho. Kama chumba kina nyuzi 33 unampulizia hewa ya nyuzi 33, unachopata ni kumkausha tu, na akiwa karibu kujivua gamba gamba linakuja vipandevipande badala ya kutoka zima. Lakini usiitupe. Usiku nje kukipoa fungua dirisha, iweke feni ivute hewa ya nje iingie na fungua dirisha la upande wa pili ile ya moto itoke. Hapo feni ya pauni 20 inafanya kazi kubwa kuliko vitu vingi vya bei. Alfajiri funga madirisha, shusha mapazia, na lile dirisha linalopigwa na jua likinge kwa nje kama unaweza, maana jua likishapita kioo joto limeshaingia ndani. Na tenki la kioo halikai kwenye jua la dirishani, hata kwa nusu saa, hata siku isiyo ya joto.

Sasa hiki kisanduku. Mmekiona kwenye matangazo, kidogo, unajaza maji, kina taa za rangi, wanaandika kinapoza chumba kama AC. Jina sitaji kwa sababu viko vingi na ndani ni kitu kilekile, sponji, maji na kifeni. Maji yanapokauka yanachukua joto, hiyo ni kweli, na sehemu za hewa kavu kama Arizona mashine kubwa za namna hii zinasaidia sana. Lakini ndani ya chumba ulichofunga mvuke hauna pa kwenda. Angalieni hapa kwenye kioo cha kipimo, chumba kimefungwa, nakiwasha… namba ya unyevu inapanda, namba ya joto iko palepale. Na hewa yenye joto na unyevu wa kupitiliza inayokaa bila kuzunguka ndiyo inamletea nyoka mafua ya mapafu na vidonda vya tumboni kwenye magamba. Kwa hiki mimi nasema usinunue. Yeyote aliyekaa Mombasa au Dar mwezi wa pili anajua joto lenye unyevu lilivyo.

Kama unataka maji yapoze bila gharama nenda kwenye duka la vifaa vya bustani, nunua chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala vanishi, cha pauni mbili tatu. Ni kazi ya mtungi wa maji wa nyumbani, udongo unanyonya maji, yanatoka taratibu kwa nje, ndani kunapoa. Kiloweke mpaka kishibe, kilaze upande wa baridi ukifukie nusu, hakikisha mdomo ni mpana apite bila kukwama na lile tundu la chini la kutolea maji lizibe, asije akang'ang'ania kupita pale. Huyu wangu joto likipanda anahamia humo mwenyewe, mnaona kichwa kile pale kwa mbali? Juu ya tenki pawe na wavu wa kupitisha hewa, la sivyo unarudi kwenye tatizo la kisanduku.

Chupa za barafu. Zinasaidia, tena zinaokoa. Chukua chupa ya lita moja au mbili, usiijaze mpaka juu maana maji yakiganda yanatanuka, igandishe, alafu izungushie taulo na iweke JUU ya wavu, upande wa baridi. Hewa ya baridi ni nzito, itashuka yenyewe. Ndani ya tenki bila taulo usiweke, nyoka anaweza kujilaza juu yake akaungua kwa baridi na asihame. Ila inayeyuka, masaa machache imeisha, kwa hiyo uwe na za zamu kwenye friza, na kama unashinda kazini mchana kutwa usiitegemee peke yake.

AC ya kuhamisha ndo pekee inayotoa joto nje ya nyumba hata kama nje nako kuna joto. Bei kuanzia pauni 250 hivi kwenda juu, umeme inakula kama kilowati moja. Kwa mwenye nyoka mmoja naona ni hela nyingi, mhamishie chumba cha chini tu. Kwa mwenye wengi, au anayeishi chumba kimoja juu kabisa, inalipa. Ila lile bomba lazima litoke dirishani na dirisha lizibwe, madirisha mengi ya huku yanafunguka kwa nje kwa hiyo nunua na kile kitambaa cha zipu. Ukiliacha wazi unavuta tena hewa ya moto ndani. Na mashine isigusane na kabati la nyoka, wanahisi mtetemo kupitia taya.

Ukimkuta anahema mdomo wazi, anahangaika kwenye kioo hatulii, au kichwa kinaelekea juu tu na ukimgeuza chali hawezi kujirudisha, hiyo ni dharura. Mtoe, mpeleke sehemu ya baridi, muweke kwenye maji ya uvuguvugu mdogo yanayofika nusu ya unene wake, kichwa kikae nje, usitumie maji ya friji wala barafu. Huku unapiga simu kwa daktari wa mifugo anayetibu reptilia, sio kila kliniki inawapokea, kwa hiyo hiyo namba itafute leo, na hata kama ameonekana kuamka mpeleke aangaliwe.