Fundi wa santuri, mji wa kale Malindi: kazi safi, lakini chukua subira

Nianze na hukumu, kwa wasiopenda kusoma sana. Ukiwa na gramafoni iliyonyamaza, redio ya valvu au spika iliyopasuka, na unaishi Malindi, Watamu au hata Kilifi, mpelekee huyu fundi. Atakukawiza. Utapiga simu mpaka uchoke. Lakini chombo chako kitarudi kikiimba. Nampa nyota nne kati ya tano.

Duka halina kibao. Ukiwa pale kwenye makaburi ya nguzo karibu na Msikiti wa Ijumaa, ipe bahari mgongo, ingia vichochoroni, uulize "fundi wa santuri". Hata watoto watakuonyesha. Ni chumba kimoja kilichojaa redio mpaka darini, na nje pana baraza ambayo mara nyingi imekaliwa na wazee wasio wateja. Mwenyewe ni mtu wa makamo, mzito wa maneno mpaka umtajie muziki. Hapo tena utaomba wewe ruhusa ya kwenda zako.

Mimi nilimpelekea gramafoni ya marehemu mjomba. Mjomba alikuwa baharia wa meli za mizigo, akipandia Kilindini, na mwanzoni mwa miaka ya sitini alirudi kutoka Marekani na sanduku la kijivu lenye mpini. Ukilifungua, gramafoni. Pamoja nalo alileta bunda la sahani ndogo za rock and roll, za mwendo wa mizunguko 45 kwa dakika, na transfoma nzito ya chuma, kwa kuwa umeme wa kule ni wa volti 110 na wetu ni 240. Mamangu alikuwa mtu wa taarabu. Sahani zile alizivumilia kwa sharti zipigwe alasiri, zikome kabla ya adhana ya magharibi. Sisi watoto hatukujua kusoma Kiingereza, tukizitambua kwa karatasi ya katikati: nyeusi ya Decca ni Bill Haley, ya mbwa anayesikiliza gramafoni ni Elvis, ya manjano ni Little Richard.

Fundi alipoifungua alikuta gurudumu la mpira limekakamaa, grisi imekuwa gundi, sindano imekwisha. Hayo niliyatarajia, hewa ya chumvi ya hapa haisazi kitu. Akatengeneza, akaweka sahani ya Haley, akainamisha kichwa.

"Mwalimu, hii ndiyo sauti mliyokuwa mkiisikia siku zote?"

"Ndiyo, hiyo hiyo."

Akairudia, sasa akiipima kwa saa ya simu. "Rock Around the Clock" huchukua dakika 2 na sekunde 8. Yetu ilichukua dakika 2 na sekunde 34.

Alinieleza, na nawaeleza nanyi kwa sababu huenda kuna wengine wenye vyombo vya wajomba. Mota ya gramafoni za aina hii haifuati volti, inafuata mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wa Kenya mara 50. Transfoma inapunguza volti tu, mapigo haiyagusi. Kwa hivyo mota iliyoundiwa mapigo 60, ukiilisha 50, inazunguka sehemu tano katika sita za mwendo wake, na sahani iliyotakiwa kwenda mizunguko 45 kwa dakika inakwenda 37 na nusu. Wimbo unarefuka, na sauti ya mwimbaji inashuka kama vibonye vitatu vya piano.

Nyumba yetu, basi, ilikulia muziki wake yenyewe. Fats Domino tukimdhania mzee mwenye wajukuu, kumbe "The Fat Man" aliiimba Desemba 1949 akiwa na miaka 21. Little Richard, ambaye dunia inamjua kwa kupasua anga, kwetu alikuwa na sauti ya nahodha anayeamrisha tanga lishushwe. Kaka zangu walijifunza kucheza twist kwa mwendo ule, na arusini wakawa nyuma ya watu wote, kila mtu akidhani ni maringo. Mama naye angejua habari za "Tutti Frutti" angeitupa baharini: ilirekodiwa New Orleans Septemba 1955, na maneno yake ya kwanza yalikuwa machafu hata ikabidi mtunzi mmoja wa kike, Dorothy LaBostrie, aitwe kuyasafisha hapo hapo.

Dawa ya mwendo ni kipande kidogo cha shaba kinachovaa kwenye mhimili wa mota, chenye ngazi, kila ngazi na mwendo wake. Kipande hicho ndicho kinachosukuma gurudumu la mpira, nalo linazungusha sahani. Kwa umeme wetu kinatakiwa kiwe kinene zaidi kwa moja ya tano. Dukani hakipatikani. Fundi alikipima, akampelekea mkerezaji anayechonga vyuma vya injini za maboti, kikaja kipya kinang'aa. Kazi hiyo peke yake ilinitosha kumwamini, kwani fundi mwingine angeniambia gramafoni ni nzima, sauti ndiyo hiyo, lete pesa.

Siku ya kuichukua alinipigia "Tutti Frutti" kwa mwendo wake halali. Nilicheka. Kisha, nasema kweli, sikuipenda. Najua ndiyo sahihi, na kila mtu duniani anaijua hivyo, lakini masikio yangu yaliikataa. Nilimwambia. Hakubishana wala hakunisomesha. Alifungua droo akatoa kile kipande cha zamani, amekifunga kitambaani, akanionyesha skrubu moja ndogo ya kulegeza.

"Hiki kipya ukitaka Richard wa New Orleans. Hiki ukitaka Richard wa kwenu."

Wazee wa barazani wakaangua kicheko, na nyota ya nne akaipata papo hapo.

Ni kawaida yake hiyo, kutotupa kasoro mpaka aisikilize. Ananikumbusha kisa anachopenda kusimulia akiwa ameshika chuma cha kulehemu, cha "Rocket 88" ya mwaka 1951, sahani ambayo wengi huitaja kuwa ya kwanza kabisa ya rock and roll. Bendi ya Ike Turner ilikuwa njiani kuelekea studio ya Sam Phillips mjini Memphis, amplifaya ya gitaa ikaharibika, karatasi ya spika ikapasuka. Phillips hakuwarudisha nyumbani. Akaijaza makaratasi spika, ikatoa ngurumo ya kukwaruza, akairekodi vivyo hivyo. Wapiga gitaa wa baadaye walilipia pesa nzuri vifaa vya kuwapa ngurumo ile ile. Hata jina la Ike halikuandikwa juu ya sahani: liliandikwa la Jackie Brenston, mpiga saksafoni aliyeimba. Mimi nikauliza amplifaya iliharibikaje, na hapo fundi akaanza kugombana na mzee mmoja, huyu anasema ilianguka kutoka garini, huyu anasema iliingia maji. Niliwaacha.

Jambo jingine mtakaloliona: sahani yoyote ukimpa, anaanza na upande wa pili. Si wazimu. Wanaouza muziki huweka wimbo wanaoutegemea upande wa kwanza, na wa kujazia huutupa nyuma, na nyuma ndiko ulikojificha utajiri wa zama zile. "Rock Around the Clock" yenyewe, iliyorekodiwa New York tarehe 12 Aprili 1954, ilitoka ikiwa nyuma ya wimbo uitwao "Thirteen Women", haikufika mbali, mpaka filamu ya Blackboard Jungle ilipoufungulia mlango mwaka 1955. Mpiga gitaa aliyeupamba, Danny Cedrone, alikuwa ameshakufa kwa kuanguka ngazini Juni 1954, hakuiona hata siku moja ya sifa hizo. "Be-Bop-A-Lula" ya Gene Vincent, upande wa pili. "La Bamba" ya Ritchie Valens, nyuma ya "Donna", na kijana yule alikufa na ndege pamoja na Buddy Holly tarehe 3 Februari 1959 akiwa na miaka 17 tu. Hata "The Twist" ilianza hivyo, nyuma ya sahani ya Hank Ballard, kabla Chubby Checker hajaichukua mwaka 1960 na kuwatingisha watu viuno mpaka huku kwetu.

Na huku kwetu twist haikukaa kama mgeni. Daudi Kabaka aliitia Kiswahili na gitaa la Nairobi, na "Helule Helule" yake ikavuka bahari kwenda upande ule mwingine: mwaka 1968 bendi ya Waingereza, The Tremeloes, iliurekodi ikaingia nao katika chati za Uingereza. Fundi anazo sahani za Kabaka. Za Fundi Konde pia anazo, Mgiriama wa hapa hapa Kilifi, aliyekuwa akiwapigia gitaa askari wa Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Elvis yuko shule ya msingi. Hizo ni za mwendo wa 78 na haziuzi, ila atakupigia ukimwomba vizuri. Atabadilisha sindano kwanza, kwa kuwa mfereji wa 78 ni mpana na sindano nyembamba inayumba ndani yake. Na asikuone umeshika spiriti! Sahani za 78 za zamani zimetengenezwa kwa lakiri, spiriti inaiyeyusha. Yeye huzipangusa kwa maji safi na tone la sabuni, kisha kitambaa laini.

Masanduku ya kuuza yako chini ya meza. Hii ni Malindi, kwa hiyo nusu yake ni ya Kiitaliano, yaliyoachwa na watu waliouza nyumba zao wakarudi kwao. Msiyapite haraka. Adriano Celentano, ambaye wengi wetu tulimsikia akiwa mtu mzima kwenye redio za mahotelini, alianza kwa rock and roll: alipanda jukwaani katika tamasha la kwanza la muziki huo Italia, Milan, Mei 1957, na mwaka 1961 akaenda kwenye mashindano ya nyimbo ya Sanremo na wimbo wa busu 24,000, akawapa mgongo watazamaji. Watu walikasirika, wimbo ukatoka wa pili. Nilinunua sahani mbili za Waitaliano nisiowajua kwa ajili ya majalada tu, moja ikawa mbaya mno.

Sasa nyota niliyomnyima. Ahadi zake hazina tarehe. "Inshallah Jumamosi" yake haisemi Jumamosi gani, na simu haipokei akiwa na kazi mkononi, yaani haipokei. Bei za sahani anazipanga kwa uzuri wa jalada, hata sahani ikiwa na ukungu. Omba akupigie yote kabla hujatoa pesa. Huduma ya kuhamishia nyimbo kwenye flashi ni nzuri kwa sauti, maana hazisafishi mpaka zikapoteza uhai, lakini nyimbo zote alinipa zikiwa na namba bila majina. Nilikaa jioni nzima nikiandika mwenyewe. Kwa shilingi 100 kwa wimbo angeweza kuandika.

Matengenezo yangu yote, pamoja na ile shaba, yalikuwa shilingi 4,500. Sindano niliilipia mbali. Naona ni haki.

Nendeni asubuhi, Ijumaa hufunga mapema kwa ajili ya sala. Ukija na gramafoni ya nje, njoo na transfoma yake, la sivyo atakurudisha nyumbani ukaichukue. Sahani zibebwe zimesimama, zisilazwe moja juu ya nyingine, na usiziache kwenye kiti cha tuktuk juani wakati unanunua mahamri. Ikishapinda, hana dawa yake. Na ile sahani ya Celentano iliyotundikwa ukutani karibu na saa haiuzwi. Nimeshaulizia.