Bustani ya klabu kando ya mto: tazama ukingo kabla ya kibao

Klabu za kujitolea kama Rotary na Lions hupenda kutengeneza bustani ndogo mtoni: kipande cha ardhi kisichofaa kujengwa nyumba, njia ya kutembea, mabenchi machache na kibao chenye nembo langoni. Kwa kupumzika nusu saa, nyingi zinastahili sifa. Lakini siku ya kukata utepe kila bustani ni nzuri. Mkaguzi wa kweli ni mafuriko ya kwanza.

Anza na ukingo. Nyasi zilizofyekwa mpaka kwenye maji hupendeza pichani, ila mizizi yake mifupi haishiki udongo. Hatari huzidi bustani ikiwa upande wa nje wa kona ya mto, ambako maji huenda kasi na kuula ukingo kwa chini. Juu panaonekana pazima, hadi siku panapomeguka pamoja na benchi lake. Waliojenga kwa akili huacha ukanda wa mita 3 hadi 5 bila kufyeka, wenye matete, vichaka au vetiva, nyasi ndefu ya kushika udongo ambayo mizizi yake inaweza kushuka mita 3, kisha wanafungua sehemu moja tu ya kufikia maji, iliyopangwa mawe. Watu hulalamika kwamba vichaka vinaziba mto. Acha walalamike.

Njia iwe na upana wa mita 1.5 angalau, na isipande zaidi ya mita 1 kwa kila mita 20, la sivyo mwenye kiti cha magurudumu ataishia langoni. Kosa la kila mahali ni kumwaga changarawe za mviringo kwa kuwa ni nafuu na zinang'aa. Hazishikani, gurudumu linazama. Kinachotakiwa ni kokoto za kupondwa, zenye kingo kali, zilizoshindiliwa kwa unene wa sentimita 10 hadi 15, zikiinama kidogo upande mmoja ili maji yasituame.

Kwenye benchi, kimo cha sentimita 45 kinawafaa wengi, na mzee anahitaji pa kuegemeza mikono ili ainuke. Halafu inama utazame mguu wa mbao unapoingia kwenye zege. Zege likiwa na kishimo, maji hukaa humo na mbao huoza palepale usawa wa ardhi, huku juu rangi ikimeremeta. Zege linalofaa huchomoza kidogo na kuinamia nje.

Mapipa ya taka yawe na mfuniko, yafungwe kwa mnyororo, na yakae karibu na lango gari linapofika. Yakiwekwa mtoni, mto utayachukua.

Udhaifu mkubwa ni choo. Inashangaza, maana mradi wa kwanza wa Rotary kwa jamii, Chicago mwaka 1907, ulikuwa wa vyoo vya umma. Sababu ni rahisi: michango ya klabu hujenga, haiajiri. Choo kinataka maji, sabuni na mtu kila siku, na makabidhiano kwa serikali ya mtaa yasipotaja nani analipa, kazi hubaki haina mwenyewe. Ukikuta kufuli lenye kutu mlangoni, fupisha matembezi yako.